Fundi Nijibu: Miguu ya Kuweka Chini ya Mziki

Toleo lililopita niliandika, kama utani tu, kwamba pleya ya santuri ina wivu, haipendi kukaa kabati moja na spika. Barua zimemiminika. Wengi wanauliza jambo lilelile: ile miguu ya mpira, ya jeli, ya springi na ya shaba inayouzwa kuzuia mtetemo, ipi inafaa na ipi ni ulaji wa watu? Nimechagua barua chache. Walioulizia rimoti zao watasubiri zamu.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Marehemu kaka yangu ameniachia pleya ya santuri na santuri zake, nyingi ni za muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Nimeiweka juu ya kabati la mninga sebuleni, spika mbili ziko juu ya kabati hilohilo, kulia na kushoto. Nikiongeza sauti kupita nusu, mziki unaanza kuvuma "uuuu" mpaka nipunguze. Kijana wa duka moja Dar es Salaam ananiuzia miguu minne ya jeli kwa shilingi 180,000. Nitume hela?

Kazi njema, mwalimu, na pole kwa kuondokewa na kaka. Hela usitume kwanza. Hamisha spika.

Kinachovuma hapo ni mzunguko. Sindano inasoma santuri, amplifaya inakuza, spika inatikisa kabati, kabati linatikisa pleya, na sindano inausoma mtetemo huo wa kabati kama vile nao umechongwa kwenye santuri. Amplifaya inaukuza tena. Sauti ikiwa ndogo, mzunguko unakufa wenyewe. Ikizidi kiwango fulani unaanza kujilisha, na hapo ndipo unapoisikia hiyo "uuuu".

Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Zima mota ili sahani inayobeba santuri isizunguke, weka santuri usiyoipenda sana, shusha sindano juu yake ikae tu. Punguza sauti mpaka sifuri, kisha ongeza polepole sana, mkono usitoke kwenye kitufe. Mvumo ukianza, rudisha haraka na uweke alama ya penseli pale ulipoanzia. Sasa teremsha spika, ziweke juu ya viti viwili au stuli, mbali na kabati kwa hatua moja au mbili, waya ziruhusu. Rudia. Kama sasa unaweza kwenda mbali zaidi ya ile alama bila mvumo, basi mtetemo ulikuwa unapita kwenye mbao za kabati, na umeshautibu bila shilingi. Kama mvumo unaanza palepale, unapita hewani, na hakuna mguu duniani unaozuia hewa. Hapo dawa ni kuitoa pleya kwenye kona ya chumba, maana besi hujikusanya konani, na kukiondoa kile kifuniko cha plastiki wakati santuri inapiga. Kifuniko ni kama ngozi ya ngoma, kinapokea kila kitu. Najua utaniambia vumbi la Dodoma. Basi kivue wakati wa kupiga, ukimaliza kirudishe.

Nina hakika ya asilimia kubwa kwamba wewe uko kundi la kwanza. Kabati la mninga ni zito na zuri, ila spika zinaligonga moja kwa moja.

Sasa tuseme nafasi haikuruhusu kutenganisha, au umetenganisha na bado kuna kidogo. Hapo ndipo tunazungumzia miguu. Na hapa niseme jambo linalonikera. Maelezo mengi ya miguu hii yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaoishi kwenye nyumba zenye sakafu ya mbao. Mbao zimelala juu ya maboriti, mtu akipita sebuleni sakafu yote inanesa, sindano inaruka. Wao wanahitaji springi laini, au rafu ya ukutani. Wewe, mwalimu, uko juu ya zege lililomwagwa juu ya mawe. Mjukuu akikimbia, zege lako halina habari. Ukinunua suluhisho la sakafu ya mbao umenunua suluhisho la tatizo usilokuwa nalo.

Mguu wa kuzuia mtetemo, uwe jeli, mpira au springi, unafanya kazi kwa kuzama chini ya mzigo na kurudi. Kadiri unavyozama ndivyo mdundo wake wa asili, yaani kasi ya kunesa kwake wenyewe, unavyokuwa wa polepole. Kama ulifundisha hisabati utapenda hii: chukua 16, gawanya kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo mguu umezama baada ya kubeba chombo. Jibu ni hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukizama milimita 1, mdundo ni hezi 16 hivi. Milimita 4, hezi 8. Milimita 10, hezi 5. Mpira ukitikiswa huwa mgumu kidogo kuliko unapokandamizwa taratibu, kwa hiyo kwa mpira jibu halisi hupanda juu kidogo ya hapo.

Mtetemo unaolingana na mdundo huo hauzuiwi, unaongezwa. Kuzuia kunaanza pale mtetemo unapofika mara 1.4 ya mdundo wa mguu, na kunanoga ukifika mara tatu: hapo kinachopenya ni kama sehemu moja ya nane. Chini ya mara 1.4, mguu wako wa laki moja na themanini ama haufanyi kitu ama unaharibu.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Kwa sababu mkono wa pleya pamoja na katriji yake, kile kichwa kinachoshika sindano, nao una mdundo wake, na mafundi hupanga ukae kati ya hezi 8 na 12. Ukiweka mpira laini unaozama milimita 2 hadi 4, umeupa mguu mdundo uleule wa mkono. Vitu viwili vinanesa pamoja. Ukigusa kabati, koni za spika zinaenda mbele na nyuma kama zinahema, na besi inakuwa uji. Watu wengi wananunua miguu laini, wanasikia besi "imekuwa kubwa", wanafurahi. Si kubwa, imevurugika.

Kwa hiyo kwa pleya usikae katikati. Ama uende chini kabisa, springi zinazozama sentimita moja au zaidi, hezi 5 kushuka. Ama ubaki juu, mpira unaozama nusu milimita hadi robo tatu. Kwa zege lako mimi nakupeleka kwenye mpira. Mvumo kama wako mara nyingi uko kwenye besi ya hezi 50 kwenda juu, na mpira huo unatosha kuupunguza bila kuugusa mkono. Springi ni nzuri ila zinayumba kwenda pembeni, na kila ukigeuza santuri pleya inacheza kama mtumbwi.

Na kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni uzito. Mguu wowote umetengenezwa kwa mzigo fulani. Lori la mahindi likitoka Kibaigwa limejaa linatulia barabarani, likirudi tupu linarusha abiria mpaka vichwa vinagonga paa. Springi ni zilezile. Miguu iliyotengenezwa kwa kubeba kilo 5 kila mmoja, ukiiwekea pleya ya kilo 6 nzima, haizami inavyotakiwa. Ni kama umeweka mawe. Muulize huyo kijana wa Dar: kila mguu ni wa kilo ngapi hadi ngapi? Akikujibu "inafaa vyombo vyote", kata simu.

Tengeneza yako. Nenda kwa mafundi wa katambuga pale sokoni, omba vipande vya mpira wa tairi sehemu isiyo na nyuzi, au kwa fundi friji akupe mipira ya kompresa iliyotumika. Kata vipande vinne vinavyofanana, tuseme kimo cha sentimita 2. Pima hivi: pleya ya kilo 6 kwa miguu minne ni kilo moja na nusu kwa mguu, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo hizohizo. Panga vipande vinne, juu yake ubao wa kukatia nyama, juu ya ubao chupa nne, kila moja juu ya mguu wake. Kabla ya mzigo, weka kando yake rundo la vitabu na karatasi za fotokopi lililofika usawa wa ubao. Baada ya mzigo, hesabu karatasi ngapi za kuondoa ili usawa urudi. Karatasi moja ya kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Karatasi tano hadi saba, umepata. Kama haukuzama hata karatasi moja, usitafute mpira mwingine. Punguza upana wa vipande. Kipande chembamba kinazama zaidi ya kipana kwa uzito uleule. Ndiyo maana wale wanaotandika zulia zima la mpira chini ya pleya hawapati chochote.

Mwisho kwako: pleya haina uzito sawa pembe zote. Upande wa transfoma na mota unalala zaidi. Weka mizani ya jikoni chini ya pembe moja, pembe nyingine ziinue kwa vitabu zilingane, soma, kisha hamia pembe nyingine. Pembe nzito ipe kipande kipana kidogo. Halafu weka pimamaji, ile ya fundi mwashi, juu ya sahani uone kama imelala sawa, kulia-kushoto na mbele-nyuma. Baada ya wiki chache pima tena, mpira huwa unaendelea kulala. Na chini ya kila kipande weka kigae kidogo au kioo, maana mpira mweusi unaacha doa kwenye vanishi na doa hilo halitoki. Mninga wa siku hizi si wa kuchezea.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita. Nina sabufa na spika zake mbili ndogo, sabufa iko sakafuni konani. Jirani anagonga ukuta kila siku, na dirisha langu la vioo vya kupachika linalia "zzzz" kwenye besi. Nikiweka mipira chini ya sabufa jirani atanyamaza?

Marahaba. Hatanyamaza.

Angalia juu, mwanangu. Nyumba nyingi za kupanga ukuta wa chumba unaishia kwenye linta, juu yake ni silingi bodi na paa moja la mabati kwa vyumba vyote. Sauti yako inapanda, inapita juu ya ukuta, inashuka kwa jirani bila hodi. Mipira chini ya sabufa inakata kile kinachopita sakafuni, na kwenye zege hicho ni kidogo. Kinachomsumbua jirani ni hewa.

Kinachosaidia: itoe sabufa konani. Kona inaongeza besi bila wewe kuomba, na pengine inaegemea ukuta uleule wa jirani. Isogeze kuelekea unapokaa, karibu na kiti chako, kisha punguza kitufe cha besi. Wewe utasikia kama mwanzo, yeye atasikia pungufu. Na ikifika saa nne usiku, kijana, zima. Yule ana kazi asubuhi kama wewe.

Dirisha ni jambo jingine na ni rahisi. Piga wimbo wenye besi ndefu, pita na kidole ukibonyeza kioo kimoja kimoja. Ukibonyeza kinacholia kitanyamaza. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, upachike kati ya kioo na kishikio chake. Fanya hivyo kwa nondo inayogusa fremu, kwa komeo la mlango, kwa fremu ya picha. Kama bati ndilo linalolia, mwambie mwenye nyumba. Misumari ya bati yenye vifuniko vya mpira ikilegea inaweza kupigwa tena au kubadilishwa. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti ukifika, atakushukuru.

Ukitaka mipira bado, haina hasara, sabufa haitatembea sakafuni. Sabufa nyingi za namna hii haziteremki chini ya hezi 40 kwa nguvu ya maana. Ili mguu uzuie vizuri hapo unataka mdundo wa hezi 13 hivi au chini, yaani mpira uzame milimita moja na nusu hadi tatu. Unaona kwamba kwa sabufa kuzama kunakofaa ni kule nilikomkataza mwalimu. Sabufa haina sindano, haina cha kuogopa. Ila kama spika yake inatazama chini, usibadilishe nafasi kati yake na sakafu. Kiwanda kilipanga nafasi hiyo. Ng'oa miguu ya zamani, weka yako ikizama ifike kimo kilekile.

Fundi, nina spika ndefu za kusimama sakafuni, zimekuja na misumari ya chuma ya kufunga chini. Sakafu yangu ni tailizi. Mume wangu anasema tuifunge maana kitabu kinasema, mimi naogopa tailizi zangu. Nani ana haki? Mama wa Area C.

Wewe, mama.

Misumari ile haizuii mtetemo, kazi yake ni kinyume: inaishika spika imara na sakafu. Ilibuniwa kwa ajili ya mazulia manene. Ncha inapenya nyuzi za zulia na kufika sakafu ngumu, spika ndefu haiyumbi na mtoto akiigusa haianguki kirahisi. Juu ya tailizi hakuna cha kupenya. Kuna kukwaruza tu, na spika ya kilo 20 iliyosimama juu ya ncha nne inaweza kutoboa rangi ya tailizi mara ya kwanza unaposogeza kufagia.

Mume akishikilia kitabu, weka sarafu ya shilingi 200 chini ya kila ncha. Akiridhika na hoja yako, funga miguu ya mpira mgumu au bandika duara za ngozi. Kilicho muhimu ni spika isiteteme mahali ilipo: ishike juu kwa vidole viwili uisukume kidogo. Ikigongagonga, kuna mguu mmoja mfupi. Tailizi zetu mara nyingi hazikulala sawasawa, fundi alikuwa na haraka.

Mimi ni mwanafunzi UDOM, narekodi na kuchanganya muziki hosteli. Spika zangu mbili za kilo 4 kila moja ziko juu ya meza ya kusomea na sauti zote za kiume zinasikika kama mtu yuko ndani ya pipa. Nimeweka vipande vya sponji ya godoro lakini hakuna tofauti.

Hilo pipa ni meza. Ubao mwembamba uliosimama juu ya miguu minne una sauti yake, mara nyingi kwenye eneo la sauti ya mwanaume ya kifua, na spika zako zinaupiga. Wazo la sponji ni sahihi, sponji yenyewe ndiyo siyo. Ya godoro la bei nafuu imezama mpaka mwisho chini ya kilo 4, na sponji iliyobanwa mpaka mwisho ni sawa na ubao. Bonyeza kwa kidole pembeni ya spika: kama hakuna tena kinachonesa, imekufa.

Tafuta sponji ngumu, ile nzito ya makochi mazuri. Mafundi makochi hutupa vipande. Unene wa sentimita 5, na ikibeba spika izame kama robo ya unene wake, isizidi. Ikizama zaidi, ongeza eneo la sponji. Ikikataa kuzama, punguza. Juu ya sponji weka kigae kizito cha sakafu kisha spika juu ya kigae, itatulia zaidi. Ukishamaliza, kata sponji kwa mteremko ili twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iangalie sikio lako. Kwa sasa nadhani inaangalia tumbo, na hilo pekee linaharibu michanganyo mingi ya hosteli kuliko mtetemo.

Halafu jaribu kuvuta meza itoke ukutani kiganja kimoja au viwili. Ni bure.

Nina CD pleya, naishi Kibaigwa kandokando ya barabara kuu. Malori usiku kucha. CD zinaruka. Ninunue miguu ya springi?

Hapana. CD pleya ina lenzi inayoifuata njia ya diski kwa umeme, mara nyingi sana kwa sekunde, juu ya diski inayozunguka kati ya mara 500 na 200 kwa dakika. Mtikisiko wa lori ukifika kwenye kabati lako ni mdogo kwake. Na hata ikikosa kidogo, mfumo wake wa kusahihisha makosa unaziba pengo kabla hujasikia. Inayoruka hivyo ina vumbi kwenye lenzi, au reli ya lenzi imekauka grisi, au CD ni ya kukopi iliyochomwa vibaya. Nimefungua pleya nyingi za watu wa kandokando ya barabara na ndani nikakuta vumbi jekundu kama limepimwa kwa kikombe. Peleka ikasafishwe. Usitumie ile spirti ya kidonda yenye rangi, wala usipulize kwa mdomo, mate yanaganda kwenye lenzi.

Fundi, jamaa yangu ameniletea kutoka nje koni tatu za shaba za kuweka chini ya amplifaya. Anasema sauti itafunguka. Mimi sisikii kitu. Je, masikio yangu mabovu? Msomaji wa Ipagala.

Masikio yako mazima.

Amplifaya ya transista haina kinachozunguka wala kinachosoma mtetemo. Ukiitikisa kwa kiwango cha sebuleni haina la kusema. Ya valvu, zile taa za kioo za mitambo ya zamani, ni tofauti: ndani ya valvu kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyoning'inia, ukigonga kasha kwa kalamu unasikia "ting" kwenye spika. Mwenye amplifaya ya valvu, mipira laini chini yake ina maana, na kuiondoa juu ya spika ina maana zaidi. Shaba ni ngumu, haizami, kwa hiyo kwa hesabu niliyompa mwalimu mdundo wake uko juu sana. Inapitisha kila kitu.

Lakini usizitupe. Zina faida moja ambayo jamaa yako hakuitaja: zinainua. Joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu linaua amplifaya nyingi, na zile zilizozama kwenye kitambaa cha kufuma ndizo za kwanza. Amplifaya iliyoinuliwa sentimita 2 au 3 inavuta hewa kupitia matundu ya chini na kuitoa juu. Toa kitambaa. Najua mama mkwe ndiye aliyekifuma. Kiweke juu ya meza ya kahawa.

Pia kama unasikia mngurumo mdogo usiku, si kwenye spika bali kwenye kasha lenyewe, hiyo ni transfoma. Umeme wetu ni hezi 50, transfoma inatikisika mara mbili ya hapo, hezi 100, na kabati la mbao nyembamba linaupokea na kuukuza. Hapo badilisha shaba kwa mipira midogo, mngurumo utabaki ndani ya kasha. Ukisikika hata ukiwa umeibeba amplifaya mikononi (nyamazisha spika kwanza, na usije ukazimika wewe: shika kasha la nje tu), lete nikaze boliti za transfoma.

Koni tatu badala ya nne, hilo jamaa amepatia. Kitu chenye miguu mitatu hakiwezi kuyumba hata meza ikiwa na kilima. Mbili ziweke upande wa transfoma.

Dodoma kwetu vizibo vya chupa za mvinyo haviishi. Vinafaa kuwa miguu?

Vya gamba la mti, ndiyo, kwa kazi ndogo. Vya plastiki tupa. Kizibo cha gamba kizima kikisimama wima kinabeba kilo kadhaa bila kuzama kwa maana, kwa hiyo usitegemee kitazuia besi. Kinachoweza ni kunyamazisha mlio mwembamba wa chuma kugusana na kioo, na kuzuia redio ndogo isiteleze. Kata vipande vya sentimita moja kwa kisu chenye meno, kisu cha kawaida kinabomoa kingo. Ukitaka kizame zaidi, kilaze ubavu na ukipasue katikati, upande bapa chini. Sehemu ndogo tu ya mgongo itagusa chombo na hapo kitanesa. Kwa kitu cha kilo mbili au tatu kwa miguu mitatu kinafanya kazi ya heshima. Kikinuka mvinyo, kianike juani siku mbili kabla hujakiweka ndani, kuna wadudu wanaokipenda kuliko wewe.